SOMO: Kumjengea hamsta nyumba ya mbao, kuanzia kipande cha kwanza mpaka miguu

Wakuu, salaam. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nyumba ya plastiki ya hamsta wangu inalowa ndani, nataka kumtengenezea ya mbao, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na kila nikijibu kuna kitu nasahau. Naweka yote hapa. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Kwa mgeni: hamsta ni mnyama mdogo wa kufugwa, jamii ya panya. Vipimo ni vya hamsta wa Syria, yule mkubwa anayefika sm 13 hadi 18 akikomaa. Kwa wale wadogo, Roborovski, Campbell na wenzao, nitataja panapotofautiana.

1. Mbao. Plaiwudi ya mm 9, ya mti usio na harufu kali, kama mbetula au mpopla. Plaiwudi ina gundi ndani yake, kwa hiyo tafuta yenye alama ya E1 au E0, yaani inayotoa mvuke kidogo wa formaldehaidi, kemikali yenye madhara iliyomo kwenye gundi. MDF (ubao wa unga wa mbao) na chipbodi hapana. Hizo zimeshikamanishwa kwa gundi nyingi, mara nyingi yenye formaldehaidi, na huyu mnyama ataguguna tu, maana meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Mbao yoyote iliyopakwa dawa ya mchwa au ambayo huijui ilikotoka, iache.

2. Kata vipande. Kuta ndefu mbili, sm 36 kwa 12. Kuta fupi mbili, sm 20 kwa 12. Vizuizi viwili vya ndani, navyo sm 20 kwa 12. Paa moja, sm 38 kwa 24. Vijiti vinne vya miguu, sm 2 kwa 2, urefu nitaueleza kwenye hatua ya 6. Sakafu hakuna. Si kwamba nimesahau: nyumba inakaa ndani ya kizimba chenye maranda, ikiwa wazi chini ili achimbe kutokea ndani, na mkojo usituame kwenye ubao.

3. Chora vyumba. Kuta fupi na vizuizi vinaingia kati ya kuta mbili ndefu. Cha kwanza sm 9, ni ukumbi. Cha kati sm 10, ni ghala. Cha mwisho kinabaki na sm 13 na kidogo, hicho ni cha kulala. Tundu la nje liwe kwenye ukuta wa mbele wa ukumbi. Tundu la kizuizi cha kwanza lisogeze upande wa nyuma, la kizuizi cha pili lirudi upande wa mbele. Njia ikipinda hivyo, mwanga haufiki chumba cha kulala.

4. Matundu. Hapa ndipo nilipokosea, na aliyeumia si mimi.

Nyumba yangu ya kwanza niliipa mlango wa sm 4 na nusu. Nilimpima hamsta wangu akiwa amekaa mkononi, nikaona anapita bila shida. Nilichokuwa sijakifikiria ni vile vifuko vya mashavuni. Vinaanzia mdomoni na kurudi nyuma mpaka kupita mabega, na vikijaa, mnyama hupanuka karibu maradufu kwa mbele. Usiku wa tatu nikasikia mkwaruzo usiokoma. Nilipowasha taa, kichwa kilikuwa nje, mabega yamebanwa kwenye tundu, mashavu yamejaa mbegu za alizeti. Hakuweza kurudi wala kutoka. Alikuwa anasukuma mbegu nje kwa makucha, moja moja, huku akihema kwa haraka. Na paa nilikuwa nimelibandika kwa gundi, kwa hiyo sikuwa na namna ya kumfikia kwa nyuma. Ilibidi niupasue ukuta kwa patasi, taratibu, kidole changu kikiwa kati ya chuma na mwili wake. Alitoka hai, lakini manyoya yalikuwa yametoka pande zote mbili za mabega, ngozi imechubuka kwa ncha za plaiwudi ambazo sikuzipiga msasa vizuri.

Kwa hiyo:
— Hamsta wa Syria: tundu sm 7, kila tundu, la nje na la ndani. Wadogo: sm 5.
— Tundu lianze sm 2 kutoka ukingo wa chini wa ukuta. Ukiliweka chini kabisa, maranda yanaliziba.
— Usipime mwili wa mnyama. Mashavu yaliyojaa ndiyo kipimo.
— Kabla ya kukata, bandika utepe wa karatasi juu ya mchoro na uweke ubao wa taka chini yake, ili plaiwudi isichanike upande wa pili.
— Ukishakata, lainisha kwa tupa kwanza, kisha msasa wa 80, wa 120, umalizie na wa 240. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni kwenye ukingo. Ikinasa hata uzi mmoja, rudia.

Kisha toboa matundu matano ya mm 8 juu kabisa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala. Pumzi yake ina unyevu. Bila hayo utakuta matone chini ya paa na kiota kimelowa, yaani tatizo lilelile lililokutoa kwenye plastiki.

5. Unganisha. Gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji. Bana kwa klampu, futa inayotoka, acha saa 24. Ubao wa mm 9 hupasuka ukiupiga msumari kwenye ukingo, kwa hiyo usipige. Ukitaka nguvu zaidi tumia vijiti vidogo vya mbao ndani ya matundu yaliyotobolewa kwa keekee. Gundi ya moto sitaki kuiona: ikikauka ni plastiki, ataing'oa na kuimeza.

6. Miguu. Wengi huiruka. Hamsta akichimba chini ya nyumba iliyokaa tu juu ya maranda, nyumba inashuka na kumbana humo chini. Nyumba hii ina uzito wa kutosha kumuua. Miguu lazima ifike sakafu halisi ya kizimba. Pima kina cha matandiko yako, ongeza sm 6 za kubandika kwenye pembe za ndani. Matandiko ya sm 20, ambayo ndiyo kina cha chini ninachokubali mimi, yanataka mguu wa sm 26. Simamisha nyumba kwanza kwenye kizimba kitupu, itikise, ndipo umwage maranda kuizunguka mpaka yafike kwenye ukingo wa chini wa kuta.

7. Paa. Halibandikwi. Gundisha vipande viwili vyembamba upande wake wa chini ili lisiteleze, basi.

8. Anika nyumba siku tatu mahali penye hewa. Ukiinusa ukasikia gundi, ongeza siku.

Maswali sasa.

---

Kipepeo_88: Asante mkuu. Naomba vipimo vya vipande tafadhali.

Mwandishi: Hatua ya 2.

---

Baba Wawili: Ndugu, nina mbao za msonobari zimebaki baada ya kutengeneza rafu. Zinafaa? Ni nzuri kabisa, zinanukia.

Mwandishi: Hiyo harufu unayoipenda ndiyo tatizo, kaka. Msonobari na mwerezi hutoa mvuke wa mafuta ya utomvu, na hamsta analala humo ndani mchana kutwa, pua yake ikiwa sm chache kutoka ukutani. Mvuke huo huwasha njia ya hewa, na ini lake hulazimika kufanya kazi ya ziada kuuondoa. Msonobari uliokaushwa kwenye tanuri hupungua sana harufu na wapo wanaoutumia. Mimi kwa chumba cha kulala siutumii. Rafu zako zikibaki na vipande, tengeneza ngazi ya nje ya kizimba, au stendi ya kukiwekea.

Baba Wawili: Nimekuelewa. Stendi ni wazo zuri, sasa hivi kizimba kiko sakafuni.

---

Mtaalamu Huru: Sm 7 ni kubwa mno, mnyama anahitaji kujihisi salama. Wangu ni wa Syria, nimempa sm 5 na anapita vizuri tu.

Mwandishi: Anapita mashavu yakiwa matupu. Wangu naye alipita vizuri siku mbili. Usalama anaupata kwenye giza la chumba cha tatu na njia iliyopinda, wala hautokani na mlango kumbana.

Mtaalamu Huru: Kila mnyama ana mwili wake.

Mwandishi: Kweli, na wako bado ana mashavu. Nimeandika kilichotokea na namna nilivyomtoa. Panua tundu leo, kazi ya nusu saa.

---

Msomaji wa Usiku: Dada, samahani kama ni swali la kitoto. Kwa nini vyumba vitatu? Nyumba nyingi za dukani ni boksi moja tu. Je, yeye anajua tofauti ya chumba na chumba?

Mwandishi: Wala si la kitoto, na ningependa wengi waliulize. Anajua, tena kuliko tunavyodhani. Huyu ni mnyama wa kuishi ardhini. Mwaka 1930 mwanazuolojia Israel Aharoni alikwenda kumtafuta karibu na Aleppo, Syria. Ilibidi wachimbe shimo refu kwenye shamba la nafaka ndipo wakakuta kiota chenye mama na vitoto vyake. Wengi mno kati ya hamsta wa Syria wanaofugwa duniani leo ni uzao wa wale wachache waliotolewa pale. Shimo la hamsta wa porini lina sehemu ya kulala, sehemu ya akiba na sehemu ya kukojolea. Ukimpa boksi moja atajaribu kugawa hivyohivyo kwenye pembe zake, ila nafasi haitoshi, chakula kinalowa mkojo na kiota kinanuka. Ukimpa vyumba, mara nyingi ndani ya wiki moja utaona amepanga. Inua paa mchana, polepole, uangalie. Ghala la wangu lina mbegu zilizorundikwa kwenye pembe moja tu, kitanda hakina hata punje.

Msomaji wa Usiku: Nimefurahi sana. Hivyo lile paa la kuinuka lina kazi mbili.

Mwandishi: Tatu. Utaangalia, utasafisha, na siku ya dharura utamfikia.

---

Simba wa Ghorofa: Nina hamsta wa Syria wawili, dume na jike, nataka kuwajengea ghorofa mbili, kila mmoja yake, mlango mmoja. Ngazi iweje?

Mwandishi: Watenganishe kwanza, vizimba viwili, usiku huu. Wa Syria wakishakomaa kila mmoja huishi peke yake. Wakikaa pamoja watapigana, na mmoja anaweza kufa.

Simba wa Ghorofa: Mbona sasa wanalala pamoja kwa amani?

Mwandishi: Wana umri gani?

Simba wa Ghorofa: Wiki sita.

Mwandishi: Ndiyo sababu. Na katika umri huo jike tayari anaweza kushika mimba. Watenganishe. Kuhusu ghorofa: hamsta haoni vizuri na hajui kupima urefu, hutembea mpaka ukingoni na kudondoka. Nyumba ndefu kwa upana inamfaa kuliko ya kwenda juu.

---

Mama Manyoya: Somo zuri. Naongeza: kwenye chumba cha kulala msiweke pamba wala zile nyuzi laini zinazouzwa kama kitanda. Wangu alizungukwa mguu na uzi mpaka ukavimba. Karatasi ya chooni isiyo na manukato, ichaneni vipande virefu, mumwekee nje ya mlango. Ataiingiza mwenyewe.

Mwandishi: Asante dada, hili ningeliandika mapema. Na akizimeza hizo nyuzi zinaweza kuziba utumbo. Hapo pa kumwekea nje ya mlango napo pazingatieni: kazi ya kubeba anaipenda, ukimpangia wewe atabomoa aanze upya.

---

Fundi Chipukizi: Mkuu, nimekata kizuizi kikawa kifupi kwa mm 3. Nimejaza pengo kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi nyeupe. Ni sawa?

Mwandishi: Ukutani kwa nje ni sawa kabisa, mafundi hufanya hivyo. Ndani ningekata kipande kipya, kwa sababu mahali penye mshono wa kujaza ndipo atakapoanzia kuguguna. Gundisha vipande viwili vya kuta fupi pamoja na vizuizi kwa utepe, uvikate kwa mpigo mmoja. Vyote vinne vitalingana.

Fundi Chipukizi: Hilo la kukata kwa mpigo sikuwahi kulifikiria. Nakata upya kesho.

---

Rangi Rangi: Naweza kupaka rangi ya mafuta ndani ili isinywe mkojo?

Mwandishi: Hapana.

Rangi Rangi: Kwa nje je?

Mwandishi: Nje huguguna vilevile. Kama ni lazima, vanishi ya maji yenye alama ya EN 71-3, ile ya vitu vya watoto vya kuchezea, kwenye kingo za chini tu, ikauke wiki nzima. Dawa halisi ya mkojo ni trei ndogo ya kauri yenye mchanga, uiweke pale alipochagua kukojolea. Mchanga, si vumbi la kuogea, yaani ule unga laini wa kujigaragazia, maana hilo linaingia mapafuni. Ubao ukilowa, kwangua, sugua kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, kausha juani mpaka ukauke kabisa. Na siku ya kuosha nyumba usibadilishe matandiko yote. Akikosa harufu yake kila mahali anahangaika usiku kucha.

---

Kipepeo_88: Mkuu, nimerudi, safari hii nimesoma yote. Nimemaliza, miguu imefika chini, matundu sm 7. Ila amehamishia kitanda chote kwenye chumba cha kati, na kile cha mwisho amekifanya choo. Nikirudishe kiota mahali pake?

Mwandishi: Hongera kwa kazi. Kiota usikiguse. Je, matundu ya hewa uliyatoboa wapi?

Kipepeo_88: Chumba cha mwisho, kama ulivyoandika.

Mwandishi: Basi huenda kizimba kiko karibu na dirisha na upepo unapitia pale. Tega kiganja chako nyuma ya ukuta huo uone.

Kipepeo_88: Ni kweli, kuna upepo.

Mwandishi: Sogeza kizimba mbali na dirisha, trei ya mchanga iweke chumba hichohicho alichokifanya choo, halafu toboa matundu matatu ya mm 8 juu kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha kati. Mtoe kwanza kabla ya kutoboa, na ufute vumbi lote kabla ya kumrudisha.