Kuunda Nyenzo za Kuendeshea Kitimwendo cha Kusukuma kwa Mikono

Ugumu wa kazi hii haupo kwenye wenzo wenyewe (mkono wa kusukuma mbele na nyuma), ambao ni bomba la chuma tu, bali kwenye uchaguzi wa sproketi, yaani gurudumu lenye meno linaloshika mnyororo, na katika namna kiti kitakavyorudi nyuma na kusimama.

Muundo rahisi ni huu: sproketi ya mbele hufungwa kwenye fremu ikizunguka juu ya beringi, wenzo huchomekwa katika kikombe cha chuma kilichochomelewa kwenye sproketi hiyo, na mnyororo wa baiskeli huunganisha sproketi na friwili (sproketi inayoshika ikizungushwa upande mmoja na kuachia ikizungushwa upande mwingine) iliyokazwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, upande wa ndani. Wenzo ukisukumwa mbele, gurudumu huzunguka. Ukivutwa nyuma, friwili huachia na kiti huendelea kwenda. Kwa kuwa friwili hukaa ndani, ile ya kawaida hufaa gurudumu la kushoto pekee. La kulia huhitaji friwili inayoshika kinyume, kama ya baiskeli za BMX zenye mnyororo upande wa kushoto.

Chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 61 na sproketi mbili zenye meno sawa. Mkono ukishika sentimita 50 juu ya egemeo, yaani katikati ya sproketi ya mbele, nguvu inayofika ardhini ni takriban mara 1.6 ya nguvu ya mkono, ilhali ringi ya kusukumia haifikishi hata mara 1. Ukiteremsha mkono hadi sentimita 25, nguvu hupungua kwa nusu, lakini kiti husogea zaidi kwa msukumo uleule mfupi. Hiyo ndiyo gia, na haigharimu chochote. Sproketi ya mbele yenye meno maradufu huongeza mwendo na kufuta faida yote ya nguvu, kwa hiyo siipendekezi kwa anayepita mchangani au milimani.

Friwili hudai ekseli ndefu na imara zaidi, maana ekseli ya kitimwendo hushikiliwa upande mmoja tu. Sentimita 2 zikiongezwa kila upande, kiti hupanuka kwa sentimita 4. Pima milango kwanza.

Kiti kikirudi nyuma, friwili hushika na kuusukuma wenzo kuelekea mwili wa aliyeketi, ndiyo sababu wenzo lazima uchomoke kwa urahisi, ili sproketi izunguke bure na ringi itumike kama kawaida. Friwili haizuii kiti kuserereka mteremkoni, kwa hiyo funga breki ya baiskeli kwa kila gurudumu, kishikio chake kikiwa kwenye wenzo, na uziache breki za kuegeshea mahali pake. Ongeza vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka, kisha ujaribu kwanza mahali tambarare, msaidizi akiwa nyuma ya kiti.