Dawa za homoni ziandikwe kwa jina lao: ninavyopanga daftari langu Wete

Mama mmoja wa makamo, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia kwenye duka langu la dawa hapa Wete, Pemba, na kikapu cha ukili mkononi. Moyo unamwenda mbio, alisema, vidole vinatetemeka, na usiku usingizi haumjii. Ndani ya kikapu mlikuwa na maboksi mawili. Moja nilimpa mimi, shehena yake ilitoka Dar es Salaam. La pili aliletewa na mwanawe kutoka Muscat, upande mmoja Kiarabu, upande mwengine herufi za Kilatini. Majina makubwa juu ya maboksi hayakufanana kabisa. Chini yake, kwa maandishi ya kukodolea macho, yote mawili yalisema levothyroxine. Alikuwa akimeza dawa ile ile ya tezi ya shingo mara mbili kila asubuhi, wiki ya tano ile.

Nikafungua daftari. Boksi la Muscat alikwisha kunionesha, na mimi nililiandika, tena kwa mwandiko mzuri: kwa jina lililo juu ya boksi. Mstari mmoja jina hili, mstari wa chini yake jina lile. Mtu yeyote angedhani ni dawa mbili. Tulimrudisha kwa daktari wake, akapimwa damu, akabaki na boksi moja, na moyo ukatulia. Mimi nilikaa siku nne baada ya kufunga duka nikiandika upya kila dawa ya homoni iliyokuwamo kwenye rafu zangu. Utaratibu niliouweka siku zile ndio ninaowafundisha vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi.

Jambo la mwanzo ni jina. Kila dawa ina jina lake lenyewe ambalo si mali ya kiwanda chochote. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mpango wa majina hayo mwaka 1950, na orodha ya kwanza ikatoka mwaka 1953. Kwenye boksi litafute chini ya jina kubwa au pembeni ya nguvu ya dawa, na halina ile alama ya herufi R ndani ya duara. Kwa mdomo sema utakavyo, levothairoksini au dawa ya tezi, mteja atakuelewa. Daftarini liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kimataifa, ili daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na muuguzi wa Muscat wakilisoma waone kitu kimoja.

Utakutana na tahajia za zamani. Vitabu vya Kiingereza vya miaka ya nyuma viliandika oestradiol na thyroxine. Siku hizi ni estradiol na levothyroxine. Ukipata cheti chenye tahajia ya zamani, mpe mgonjwa dawa yake, lakini daftarini weka ya sasa. Dawa moja isiwe na kurasa mbili kwa sababu ya herufi o.

Majina haya yana ukoo, na ukiujua utaitambua dawa hata hujapata kuiona. Ukiona relin mwishoni, kama goserelin au leuprorelin, ni zile sindano zinazogusa amri za ubongo kwa homoni, na wengi wanaozitumia ni wanaume wenye saratani ya tezi dume. Sehemu ya gest ni jamii ya projesteroni. Sehemu ya estr ni jamii ya estrojeni, lakini hapa kuna mtego: levonorgestrel nayo ina estr ndani yake, na si estrojeni. Tazama herufi iliyotangulia. Ikiwa ni g, basi uliyoiona ni gest, na dawa ni ya ukoo wa projesteroni.

Usikate mkia wa jina. Testosterone enanthate na testosterone undecanoate zote ni testosteroni, lakini sindano ya kwanza huchomwa kila wiki mbili hadi nne, na ya pili, ile ya miligramu 1000, kila wiki kumi hadi kumi na nne. Neno la pili ndilo linalosema dawa itakaa mwilini muda gani. Aliyeandika testosterone peke yake ameacha nusu ya habari.

Kisha nguvu. Hapa mwanangu nakuomba usikimbie, kwa sababu homoni hufanya kazi kwa vipimo vidogo mno. Levothairoksini hupimwa kwa mikrogramu: vidonge vya 25, vya 50, vya 100. Mikrogramu 100 ni miligramu 0.1. Siku moja kijana wangu alikuja na cheti kilichoandikwa miligramu .1, bila sifuri mbele ya nukta, na nukta yenyewe imefifia. Yeye alisoma miligramu 1. Alikuwa amekwisha kuhesabu vidonge kumi vya mikrogramu 100 kwa dozi ya asubuhi moja, na kilichomsimamisha ni kwamba idadi ile ilimshangaza. Nilimpongeza kwa kushangaa. Kwa hiyo daftarini kwangu neno mikrogramu huandikwa zima, halifupishwi. Nukta haikai bila sifuri mbele yake, na sifuri haiwekwi nyuma ya nukta: 0.5, si .5, 2, si 2.0. Insulini nayo ni homoni, na neno yuniti liandike lote. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka baada ya 10 imesomwa sifuri mahali pengi duniani, na 10 ikawa 100.

Baada ya nguvu andika umbo na njia. Usidhani ni urembo. Medroxyprogesterone acetate ipo ya sindano ya miligramu 150 inayochomwa kwenye msuli kila miezi mitatu, hii ambayo akina mama wanaiita sindano ya miezi mitatu. Ipo pia ya miligramu 104 katika mililita 0.65, inayochomwa chini ya ngozi, nayo ni ya miezi mitatu vilevile. Na ipo ya vidonge. Ukiandika jina tu, anayekuja zamu ya jioni atachukua kinachomkaribia.

Ndipo msimbo. Ninaoutumia ni wa mfumo wa ATC, unaopanga dawa kwa sehemu ya mwili inayotibiwa, kazi yake na kemia yake, na unaosimamiwa na kituo cha Shirika la Afya Duniani kilichopo Oslo, Norwe, tangu mwaka 1982. Orodha yake hutengenezwa upya kila mwaka, na mtu yeyote huifungua bure kwa simu. Msimbo kamili una alama saba. Chukua wa levothairoksini, H03AA01. H ni homoni za mwili mzima, ukiondoa za jinsia na insulini. 03 ni tiba ya tezi ya shingo. A ya kwanza ni dawa za kuongezea tezi iliyopungukiwa, A ya pili ni homoni za tezi zenyewe, na 01 ndiyo dawa yako. Carbimazole, ambayo hupunguza tezi iliyozidi, ni H03BB01. Soma alama ya nne tu, A au B, na utajua kama dawa inaongeza au inapunguza. Kwa wagonjwa wa rovu hilo si jambo dogo.

Mpangilio wa alama haubadiliki: herufi, tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Kwa hiyo ukibabaika kama umeona O au sifuri, hesabu nafasi. Ya pili, ya tatu, ya sita na ya saba ni tarakimu siku zote.

Vijana wengi hutafuta kila homoni chini ya H, wasiione, wakakata tamaa. Homoni za jinsia ziko G03: estradiol ni G03CA03, testosterone ni G03BA03. Insulini iko A10, pamoja na dawa nyengine za kisukari. Tamoxifen, inayozuia estrojeni kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, iko L02 kwenye dawa za saratani.

Na sasa lile linalowachanganya hata wazoefu. Medroxyprogesterone ina misimbo mitatu. Kwa kuzuia mimba ni G03AC06. Kwa matatizo ya hedhi, au pamoja na estrojeni kwa mama aliyekoma hedhi, ni G03DA02. Kwa saratani ni L02AB02. Hakuna kosa hapo. Mfumo unauliza dawa inatumika kwa kazi gani. Ndiyo maana siruhusu msimbo usimame peke yake. Jina linasema ni kitu gani, msimbo unasema ni kwa kazi gani, na msimbo hausemi lolote juu ya nguvu wala juu ya ule mkia wa jina. Vyote vinahitajiana.

Dawa mbili zinazokaribiana majina zitenge kwa herufi kubwa pale zinapotofautiana: prednisoLONE, predniSONE. Misimbo yake ni H02AB06 na H02AB07, jirani mlango kwa mlango, na ukikosea tarakimu moja hakuna atakayekushtua. Herufi kubwa hukushtua.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili andika zote mbili, kila moja na nguvu yake: levonorgestrel 0.15, ethinylestradiol 0.03, miligramu, G03AA07. Kama pakiti ina vidonge 28 na saba vya mwisho ni vya madini ya chuma, lisemwe hilo pia, kwani wapo wanaovitupa wakidhani ni homoni iliyoharibika rangi.

Jina la boksi usilitupe. Lina safu yake mwishoni, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Mgonjwa wa tezi akihamishwa kutoka kiwanda kimoja kwenda chengine, kwa mfano boti ya Unguja imeleta boksi jengine, ni vyema apimwe tena baada ya wiki sita hadi nane. Bila safu ile hutajua kama alihama.

Kwenye bahasha ya mgonjwa mimi huandika jina, nguvu, kipimo kwa Kiswahili, na wakati wa kumeza. Kazi ya dawa simwandikii mpaka nimuulize. Mji wetu ni mdogo, bahasha husomwa na jirani, na mama anayetumia homoni kwa sababu ya kukoma hedhi, au bwana anayechoma testosteroni, ana haki ya kuamua nani ajue. Wengi huchagua niweke msimbo tu, na daktari atakayeuona ataelewa.

Ukitaka kuanza, usifungue daftari zima kwa pupa. Anza na rafu ya tezi, dawa zake ni chache. Toa kila boksi, soma herufi ndogo, andika mstari, rudisha. Ukikuta maboksi mawili yenye jina dogo moja, yaweke ukurasa mmoja, kisha pitia majina ya wagonjwa waliochukua hili na waliochukua lile, uone kama yupo aliyeko pande zote mbili.

Ukurasa wa yule mama sasa una mstari mmoja: levothyroxine sodium, kidonge, mikrogramu 50, mdomo, asubuhi kabla ya kula, H03AA01. Mwanawe akimletea boksi kutoka Muscat, hulipitisha kwangu kwanza, na mimi hulisoma mbele yake kwa sauti, herufi ndogo kwanza.