Mycket au många? Jibu unalo kwenye Kiswahili chako

Kwa Kiswahili neno -ingi linabeba kila kitu: maji mengi, watu wengi, pesa nyingi, kelele nyingi. Unafuata ngeli tu, basi. Ukifika Sweden unakuta -ingi imepasuliwa vipande viwili: många kwa vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, mycket kwa visivyohesabika. Många barn, watoto wengi. Mycket vatten, maji mengi. Mwalimu wa SFI, yale masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, atakueleza hivyo mapema kabisa, utaitikia kwa kichwa, kisha jioni dukani utasema mycket äpplen, matofaa mengi, badala ya många äpplen, bila kujijua.

Mimi nilihangaika karibu mwaka mzima kabla ya kugundua kwamba jibu nilitoka nalo nyumbani. Usiulize wingi, uliza uchache. Hatusemi "maji machache", wala Kiswahili fasaha hakina "watoto kidogo". Ni maji kidogo, watoto wachache. Basi kabla hujafungua mdomo, geuza: kitu kikikubali kidogo, Kiswidi chake ni mycket, kikikubali -chache, ni många. Wali kidogo, kwa hiyo mycket ris. Viti vichache, kwa hiyo många stolar. Tena kipimo hiki kinakuokoa hata kwenye pengar, pesa. Umbo la neno hilo ni la wingi, na anayefuata umbo atasema många pengar. Sisi tunasema pesa kidogo, kwa hiyo mycket pengar, na ndivyo Waswidi wenyewe wasemavyo.

Kinakwama kwa maneno machache. Folk maana yake ni watu, lakini linachukua mycket: mycket folk på bussen, watu wengi kwenye basi. Ukitumia människor, neno jingine la watu, unarudi kwenye många. Nguo nazo, kläder, kwa kawaida husemwa mycket kläder. Hayo kariri tu.

Lite ni kidogo yetu kabisa, mpaka kwenye uchovu: lite trött, nimechoka kidogo. Na mycket inafanya pia kazi ya sana: mycket bra, nzuri sana. Upande wa -chache neno ni få, ila kwenye mazungumzo utasikia zaidi inte så många, si wengi hivyo, au några få, wachache tu. Usishangae pia kukutana na få yenye maana ya kupata. Ni kitenzi, hakihusiani na hesabu.

Siku zote na siku nzima tunazitofautisha, na wao pia: alla dagar, hela dagen. Tazama mkia wa dagen, ile -en ya kitu kinachojulikana. Hela kwa kawaida hutaka nomino yenye mkia huo: hela veckan, wiki nzima, hela familjen, familia nzima. Varje ni kila, na hapa huna cha kujifunza: kila mtoto, varje barn, neno mbele na nomino katika umoja.

Kinachotutambulisha haraka kuwa wageni ni neno av. Tumezoea kilo ya unga, kikombe cha chai, lita ya maziwa, kwa hiyo ulimi unatafuta hiyo "ya" na kubandika av. Kiswidi hakiweki kitu hapo: ett kilo mjöl, en kopp te, en liter mjölk. Kilo na liter hazibadiliki hata zikiwa nyingi, två kilo, tre liter, ila vikombe vinabadilika: två koppar te.

Kwenye kaunta ya jibini na nyama kipimo ni hekto, yaani gramu 100. Mara ya kwanza muuzaji aliponiuliza "Hur många hekto?", hekto ngapi, akili yangu ilikimbilia hekta za shamba la babu. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, nikajibu ett kilo ili yaishe. Tulikula jibini mpaka watoto wakagoma. Lakini lisikilize swali lile: ni hur mycket ost, ila hur många hekto. Jibini kidogo, hekto chache. Kipimo chetu kilekile.

Ukiulizwa idadi bila kutaja kitu, jibu två stycken, yaani viwili. Ndiyo hiyo st unayoiona kwenye bei za rafu. Kuongeza nako kuna njia mbili: mer kaffe, kahawa zaidi, fler stolar, viti zaidi. Flera, yenye a mwishoni, ni kadhaa, ingawa kwenye mazungumzo wenyewe huzichanganya.

Kwenye dawa kuwa makini zaidi. Kiswidi husema var na nambari ya mpangilio: var åttonde timme. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "saa ya nane" na utameza kidonge mara moja mchana. Maana yake ni kila baada ya saa nane, yaani mara tatu kwa siku. Varannan vecka vilevile: wiki hii ndiyo, ijayo hapana, na taka zako zinaweza kuzolewa kwa mtindo huo.

Na halv tre si tatu na nusu. Ni nusu ya kuelekea tatu, 14:30, kwa saa zetu saa nane na nusu mchana. Mimi nilifika kwa daktari wa meno 15:20, nikijisifu moyoni kwamba nimewahi dakika kumi. Bili ya miadi niliyoikosa ililetwa na posta.