Ukishindwa tribinali Lubumbashi, anza kuhesabu siku

Nilikuwa grefye, yaani karani wa tribinali (mahakama), hapa Lubumbashi, Kongo, miaka 22. Nilipokea karatasi, nikapiga muhuri, nikaandika tarehe. Nimeona watu wenye haki kamili wakipoteza lupango (kiwanja) kwa sababu ya kuchelewa tu, na mmoja wao ni mjomba wangu wa Katuba. Wisie, mjumbe wa tribinali anayepeleka karatasi, alileta hukumu nyumbani kwake wakati yeye yuko Kolwezi. Binti yake akaipokea, akaitia ndani ya Biblia ili isichafuke. Mjomba aliikuta baada ya wiki saba.

Kwa hiyo, mama, baba, sikilizeni neno hili kwanza. Karatasi ya wisie ikiingia mikononi mwa mtu wa nyumba yako, imekufikia wewe. Kwa kesi ya civil, yaani lupango, deni, urithi, una siku 30 za kufanya apeli (rufaa) tangu siku hiyo karatasi ilipoletwa, kama ulihudhuria kesi. Kwa kesi ya pénal, yaani ya jinai, ni siku 10 tu, na kama ulikuwepo tribinali hukumu ikitamkwa, hakuna wisie wa kungojea: saa imeshaanza. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na uwaambie watoto kwamba karatasi yoyote yenye muhuri wa tribinali unapigiwa simu siku hiyohiyo.

Ukifika grefe, ofisi ya grefye, sema unafanya apeli. Wataandika acte d'appel, karatasi ya apeli yako. Isome kabla ya kutia sahihi: majina yako, namba ya kesi (ile inayoanza na RC au RP), tarehe ya hukumu. Tarakimu moja ikikosewa, mpinzani wako ataishika hiyo. Na kama unamtuma avoka (wakili), usimwachie maneno ya mdomo. Mpe procuration spéciale, karatasi ya kumpa mamlaka, iliyotaja kesi hiyo na apeli hiyo. Nimeona apeli nzuri zikianguka kwa kukosa karatasi hiyo ya ukurasa mmoja, na zuzi (hakimu) hajafungua hata faili.

Halafu omba expédition, yaani nakala rasmi, ya hukumu unayoipinga. Hapa ndipo watu wa kwetu huchoka: wanalipia apeli, wanarudi mitaani kwao, komini ya Kenya au Ruashi, kungoja kuitwa. Cour d'appel, mahakama ya rufaa, haiwezi kukosoa hukumu ambayo haijawekwa mbele yake. Fuatilia nakala hiyo kila wiki, uombe risiti kwa kila franka unayolipa, na risiti zote zikae ndani ya bahasha moja.

Angalia pia mwisho wa hukumu kama kuna maneno « nonobstant tout recours ». Kwa kawaida apeli ya civil inasimamisha hukumu, lakini maneno hayo yakiwepo mpinzani anaweza kuja kukutoa nyumbani hata kama umefanya apeli. Siku hiyohiyo mwambie avoka aombe défenses à exécuter, amri ya kuzuia hukumu isitekelezwe.

Tuseme umeshindwa na Cour d'appel pia. Sasa imebaki Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa kwa ndege, kwenye Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa kwa kesi hizi. Katiba ya 2006 iliigawa Cour suprême ya zamani mara tatu: Cour constitutionnelle, Conseil d'État na hiyo Cour de cassation, ambayo taratibu zake zimo katika sheria ya 19 Februari 2013. Kwa civil una miezi 3 tangu arrêt, yaani hukumu ya Cour d'appel, ikufikie kwa wisie. Kwa pénal siku 40 tangu itamkwe. Avoka wako wa hapa, hata awe hodari namna gani, hawezi kukuandikia requête (ombi) ya civil kama hayumo katika barreau, chama cha maavoka, ya Cour de cassation. Muulize wazi, na usione haya. Jua pia kwamba kwa civil, kwenda Kinshasa kwa kawaida hakumzuii mpinzani kutekeleza ushindi wake.

Na sasa jambo ambalo nililirudia kwenye dirisha langu mpaka sauti ikakauka. Mazuzi wa Kinshasa hawatauliza nani alijenga ukuta wala nani alimzika baba. Mashahidi wamekwisha. Wanaisoma hukumu tu na kutazama kama sheria imevunjwa. Ukiandika « nimeonewa », hawana la kufanya nalo. Lakini ikiwa Cour d'appel ilimpa mwenzako lupango kwa fiche parcellaire, karatasi ya kiwanja tu, wakati wewe una certificat d'enregistrement, hati ya ardhi iliyosajiliwa, basi onyesha kifungu cha 219 cha sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kinachosema haki ya kutumia ardhi haithibitishwi kisheria ila kwa certificat hiyo. Hilo wanaweza kulishika.

Utasikia pia habari za Procureur général, mwendesha mashtaka mkuu, wa Cour de cassation. Wengi wanamjua kwa kesi za wakubwa, kama ile ya 2025 ambapo aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa na mahakama hiyo. Katika kesi yako ya lupango kazi yake ni nyingine: ofisi yake inatoa avis, maoni ya kisheria, kisha mazuzi wanaamua wenyewe. Anaweza pia kupeleka hukumu mbovu mbele ya Cour « dans le seul intérêt de la loi », yaani kwa faida ya sheria tu, ili kosa lisiendelee nchini, lakini kwa njia hiyo wewe hurudishiwi lupango. Kwa hiyo akija mtu kukwambia ana ndugu katika ofisi hiyo, toa dola kadhaa atakushindia, mfungulie mlango atoke. Nimewaona mama wakiuza friji kwa ahadi hiyo.

Ukishinda Kinshasa, usichinje mbuzi bado. Mara nyingi wanavunja hukumu na kuirudisha kesi kwa Cour d'appel, mazuzi wengine waisikilize upya. Ilikuwa hivyo kwa mwanasiasa Vital Kamerhe: alihukumiwa miaka 20 mwaka 2020, apeli ikaishusha hadi 13, Cour de cassation ikaivunja Aprili 2022, na ni Cour d'appel iliyomwachilia Juni mwaka huohuo. Kesi yako nayo inaweza kurudi hapa Lubumbashi na namba mpya. Siku utakapopewa namba hiyo, iandike juu ya bahasha ileile ya risiti, na uwaachie jirani na watoto simu yako, maana wisie atapita tena.