Kuomba kibali cha kuleta tindikali ya maabara ya skuli Pemba: fomu ni rahisi, nambari ndizo kazi

Kibali cha Bara hakivuki bahari. Muuzaji wa Dar es Salaam atakuonesha cheti chake cha Mkemia Mkuu wa Serikali na kukwambia kila kitu kiko sawa, wala hasemi uongo: kwake kiko sawa. Ila Zanzibar ina Mkemia Mkuu wake, ofisi ziko Maruhubi, Unguja, na chupa inayokwenda Chake Chake inaombewa huko. Omba kabla mzigo haujaondoka Dar. Mzigo ukitangulia kibali utalala bandarini ukila gharama za hifadhi, na hakuna bandari inayopenda kulaza tindikali.

Maelezo haya ni ya asidi ya salfuriki nzito, ya 98%, kwa skuli ya sekondari. Ya naitriki na haidrokloriki njia ni hiyo hiyo, nambari tu ndizo zinazobadilika.

Barua yenye mhuri wa skuli, fomu, profoma (ankara ya awali) ya muuzaji: hayo mnayajua. Malipo ni kwa nambari ya malipo, na siku mtandao ukiwa haupo, haupo, rudi kesho. Ijumaa ukifika baada ya saa tano utazungumza na viti.

Kinachorudisha maombi ni karatasi kutosema kitu kimoja. Profoma, karatasi ya usalama ya kemikali na fomu yako zote zilingane: CAS 7664-93-9, yaani nambari ya kuitambulisha kemikali yenyewe, nambari ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari UN 1830, daraja la 8 yaani babuzi, kundi la ufungashaji II, yaani hatari ya wastani. Mtego uko hapa: UN 1830 ni ya asidi iliyozidi 51%. Isiyozidi hapo, pamoja na maji ya betri, ni UN 2796. CAS ni ile ile kwa zote mbili, kwa hiyo jicho linapita bila kushtuka. Wauzaji wanaohudumia mafundi wa betri mchana kutwa hukupachikia karatasi ya betri kwa mazoea, nawe unabaki na ombi la kitu ambacho hukinunui. Likirudishwa, unaanza foleni upya.

Karatasi ya usalama ina vipengele 16. Usiisome yote dirishani; fungua cha 3 uone asilimia na cha 14 uone usafirishaji. Hakikisha pia ni ya mtengenezaji yule yule aliye kwenye lebo ya chupa. Ya kampuni nyingine iliyookotwa mtandaoni haisaidii, hata kama maneno yanafanana. Profoma nayo itaje asilimia, ujazo wa chupa na idadi ya chupa. "Asidi ya salfuriki, katoni 1" si maelezo. Na lita si kilo: chupa ya lita 2.5 ina asidi ya kilo 4.6, kwa sababu lita moja ina uzito wa kilo 1.84. Anayeandika lita 2.5 huku na kilo 2.5 kule amejitafutia maswali mwenyewe.

Swali la pili litakuwa kiasi, na hapo ndipo walimu wengi wanapojiponza kwa kuagiza "za kutosha". Piga hesabu, uiambatanishe. Wanafunzi 40, kila mmoja mililita 100 za asidi ya 0.05 M (M ni moli kwa lita) kwa taitresheni, ni lita 4. Asidi nzito ina takriban 18.4 M, kwa hiyo lita hizo 4 zinatoka kwenye mililita 11 tu. Weka majaribio mengine yote ya mwaka, weka na ya kumwagika. Chupa moja ya lita 2.5 bado inakutosha kwa muda mrefu. Ukiomba chupa kumi, anayesoma ana haki ya kukuuliza nyingine za nini. Salfuriki imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kupambana na dawa za kulevya, kwa kuwa huweza kutumika kuzitengeneza. Tena hapa Visiwani, baada ya watu kumwagiwa tindikali mwaka 2012 na 2013, neno lenyewe tu linamfanya mtu avue miwani akutazame. Ukurasa mmoja wa hesabu unamrudishia miwani.

Usafiri uutaje mapema. Chupa isiingie kwenye boti ya abiria ndani ya mkoba, hata ukiambiwa "funika tu". Mzigo utangazwe kwa wenye chombo kama bidhaa hatari, boksi liwe na alama ya daraja la 8 na mishale ya kuonesha juu. Ndani ya boksi usijazie makumbi wala unga wa mbao. Chupa ikivuja, salfuriki inavichoma hivyo mpaka viwe makaa, na naitriki inaweza kuviwasha moto. Tumia vamikulaiti (madini mepesi yanayonyonya na yasiyoungua) au mchanga mkavu. Naitriki na asetoni au spiriti zisikae boksi moja.

Stoo nayo iandae kabla hujaulizwa. Chupa ikae rafu ya chini kabisa, ndani ya beseni la plastiki, kifuniko kimekazwa: asidi nzito hunywa unyevu wa hewa, na unyevu Pemba haujawahi kuadimika. Baikabonati ya soda iwepo ya maana. Kuua ukali wa asidi ya chupa nzima ya lita 2.5 kunataka karibu kilo 8, si kile kikopo cha kupikia maandazi. Ndoo ya mchanga, glavu, miwani, na maji ya kutiririka ya kuosha jicho kwa dakika 15. Kama bomba hutoka kwa zamu, weka tangi. Ukutani bandika kwa herufi kubwa: asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, wala si maji ndani ya asidi.

Chupa ikishafika Mkoani, fungua boksi kabla ya kutia saini, ulinganishe lebo na kibali. Kisha daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotolewa, kilichobaki, saini. Safu iwe ya mililita. "Chupa 1, imetumika nusu" haimwambii mkaguzi chochote.