Bafuni kunanuka choo? Kagua bomba la hewa kabla hujamwaga dawa

Juzi nilimsaidia mpangaji wa Mamboleo, Kisumu, aliyekuwa ameshamwaga dawa za kila aina bafuni, na harufu iko palepale. Dawa haizibi gesi. Tena ukichanganya jiki na asidi ya choo unatengeneza gesi ya klorini, mbaya kuliko harufu yenyewe. Gesi ya shimoni huzuiwa na maji yanayobaki kwenye trapu, ile kona ya bomba iliyopinda chini ya sinki na chini ya sakafu ya bafu. Kina cha sentimita 5 hivi kinatosha.

1. Tafuta tundu la kutolea maji lenye kosa. Usiku funika kila tundu kwa pakiti ya maziwa iliyopasuliwa, ubandike kwa selotepu. Asubuhi fungua moja moja ukinusa. Jikoni hakikisha kwanza si omena.

2. Mwaga maji kwenye tundu hilo. Bafu la wageni lisilotumika hukauka haraka kwa joto la Kisumu. Kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji huchelewesha kukauka.

3. Harufu ikirudi baada ya siku moja tu, joto halihusiki. Jaza sinki, chomoa kizibo, mwenzako amulike trapu ya sakafuni kwa tochi. Akisikia glu-glu na maji yakashuka, trapu inanyonywa: maji yanayokimbia bombani yamekosa hewa, yanaivuta kupitia trapu ya jirani. Hapo kosa ni la bomba la hewa, lile linalopanda juu kuingiza hewa kwenye mabomba ya maji taka na kutoa gesi.

Lifuate hadi juu. Nyumba nyingi za kupangisha nimelikuta limeishia ndani ya dari, kwa sababu fundi hakutaka kutoboa mabati. Utasugua bafu mpaka uchoke, kumbe gesi inashuka kutoka darini. Liongeze litokeze juu ya paa, mbali na madirisha, kisha ziba vizuri palipotobolewa. Kama limeshatokeza, angalia kiota cha ndege au nyigu (nyigu kwanza, ukiwa juu ya ngazi huna pa kukimbilia). Usilifunike kwa kifuniko kisichopitisha hewa, weka wavu. Halafu mimina maji kwa mpira kutoka juu huku mtu akitazama menholi. Yasipotokea huko, acha kumimina mara moja, maana yataibukia ndani ya nyumba. Kuna kizuizi, na hicho huondolewa kwa fito za kuzibulia.

Maji yakipungua polepole bila glu-glu, chungulia ndani ya trapu. Nywele za kusuka au uzi wa mopu uliolala juu ya kona huyafyonza maji kidogo kidogo kama utambi hadi yaishe.

4. Ukibadilisha trapu ya sinki, usinunue lile bomba la mikunjomikunjo. Mafuta hunasa kwenye mikunjo, na mtu akilivuta kidogo kona inanyooka. Chukua trapu ya plastiki ngumu, kaza kwa mkono.

5. Choo kikitikisika, badilisha mpira wa kiungo cha chini.

6. Tangi la maji taka likijaa, ita eksosta, lile gari la kunyonya uchafu. Usiingie humo wala usimulike kwa kiberiti: methani huwaka, na haidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikikatika ghafla ukiwa umeinamia shimo, ondoka hapo upesi.