Somo: Kutoa beringi ya mbele iliyoshika kwenye nakoli bila kuua shafti

Wakuu habari zenu. Kila mvua ya Aprili ikipiga Nairobi, wiki mbili tatu baadaye swali ni lile lile, "gari inalia vuuu nikishika Thika Road, ni tairi ama ni beringi?" Maji yanaingia kwenye sili, grisi inaoshwa, kutu inaanza, na ukikaa nayo inashikana na nakoli (kile chuma kizito kinachobeba habu, pale tairi inapofungwa) hadi unadhani vimezaliwa pamoja. Hapa naongelea Fielder NZE141 juu ndio niko nayo, lakini gari nyingi ndogo za kuvutwa na tairi za mbele ni karibu hivyo hivyo.

Kwanza hakikisha ni beringi. Ukiwa 80 hivi, barabara ikiwa wazi, yumbisha stelingi kidogo kulia na kushoto. Mlio ukizidi ukikata kulia, mara nyingi ni beringi ya kushoto, juu uzito umehamia huko. Halafu inua gari, shika springi ya shokomzova na mkono mmoja, zungusha tairi na ule mwingine. Beringi mbovu utaisikia kwenye vidole kama changarawe inasagika.

1. Legeza nati ya shafti (ile fimbo inayozungusha tairi kutoka giaboksi) gari ikiwa bado chini. Ni soketi ya 30. Nati imebonyezwa mdomo ndani ya mfereji wa shafti, inua huo mdomo na tindo ndogo kwanza, ukilazimisha bila kuinua utakula thredi. Hendibreki juu, mawe nyuma ya tairi, bomba refu kwenye mpini wa spana, sukuma polepole.

2. Inua gari, weka stendi. Jeki peke yake usiiamini hata kama unaingiza mkono tu. Toa tairi, toa kalipa (kile kinachobana diski ya breki) na uifunge na waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu ya breki. Diski ikikataa usiigonge, ina vitundu viwili vyenye thredi, ingiza bolti mbili za M8 ukaze kidogo huku kidogo kule itajisukuma yenyewe.

3. Toa sensa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) pole pole, plastiki yake ikikauka inavunjika kama biskuti.

4. Shafti. Hapa ndio niliharibu mara ya kwanza na sitaki mtu mwingine aharibu. Ilikuwa imeshika kwenye habu, nikachukua nyundo nikagonga ncha ya shafti moja kwa moja, thredi zikafura kama uyoga, nati haikurudi tena, nikalazimika kununua shafti nyingine nzima. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, weka kipande cha mbao ngumu, ndio ugonge. Ikikataa mwaga mafuta ya kulegeza kutu uende ukanywe chai, kama bado tafuta pula (kifaa cha kuvutia). Na ikilegea usiivute kwa nguvu, jointi ya upande wa giaboksi inaweza kuchomoka.

5. Fungua tairodi endi (mwisho wa fimbo ya stelingi), bolti za boljointi (kiungo cha chini cha nakoli), na zile bolti mbili za shokomzova, lakini kabla ya hizo mbili chora alama na rangi zilipokaa ili alainmenti (mpangilio wa tairi) isiende mbali sana. Nakoli sasa iko mkononi.

Sasa kazi yenyewe. Habu inatolewa na presi (mashine ya kusukuma kwa nguvu), na karibu kila mara inakuja na ringi ya ndani ya beringi imeng'ang'ania juu yake, usishtuke. Ringi ya nje inabaki kwenye nakoli. Kabla ya kuisukuma hiyo toa saklipu (kipete cha chuma kinachozuia beringi isitoke), nimeona nakoli imepasuka kwa sababu mtu alisukuma saklipu ikiwa ndani. Kama imezama kwenye kutu ichokoe na msumari mpaka uione yote imezunguka, ile kutu inatoka vipande vipande kama majani ya chai.

Mwagia mafuta usiku, asubuhi peleka kwenye presi, kwenye gereji za Grogan ama Kariobangi Light hapa Nairobi zimejaa. Simama hapo uangalie. Nakoli ikalishwe kwa chuma kilichozunguka karibu na tundu, sio kwa masikio yake. Presi ikikaza na hakuna kinachosonga, wasiendelee kupampu tu, wapashe moto nakoli kwa nje, haraka haraka, isifike kuwa nyekundu, huku mpira wa boljointi umefunikwa na kitambaa kibichi kama boljointi bado iko. Ikiachia utasikia paa! kama risasi, mimi huruka kila mara.

Isipoachia bado kuna njia ambayo naipenda kuliko zote: ukishatoa gololi, fundi wa weldi apige mshono mmoja kuzunguka ndani ya ringi. Ikipoa chuma kinasinyaa, na ringi iliyokataa presi inatoka kwa kugongwa kidogo tu. Ringi iliyobaki kwenye habu ikatwe na grainda kwa mshazari, uache unene wa kucha usiguse habu, halafu tindo pigo moja inapasuka.

Kurudisha: safisha tundu na msasa, weka beringi mpya kwa friza masaa mawili, paka mafuta kidogo. Sukuma kwa ringi ya nje TU. Ukisukuma kwa ringi ya ndani nguvu inapita kwenye gololi, na beringi mpya inaanza kulia kabla mwezi haujaisha. Wakati wa kuingiza habu ni kinyume, ringi ya ndani ishikiliwe kutoka chini. Saklipu irudi. Nati ya shafti iwe mpya, kaza 216 Nm (kwa spana ya kupima nguvu), bonyeza mdomo. Nati za tairi 103 Nm.

Maswali

Mama Kevo: Fundi asante. Naweza kuenda nayo hivyo mpaka mwisho wa mwezi, mshahara uingie?
Jibu: Mama, kama inalia tu, nenda safari fupi, taratibu, lakini usipange mwezi mzima. Kama tairi ukiishika juu na chini inacheza, ama rimu inachoma mkono kuliko zile zingine, usiiwashe hata kuenda sokoni.

Kijana wa Umoja: Kaka presi iko mbali, siwezi tumia bolti ndefu na washa kubwa nivute?
Jibu: Kuingiza mpya unaweza, bolti ngumu ya daraja la 8.8 kwenda juu, na grisi kwenye thredi. Kutoa iliyoshika hapana bro, bolti ikikatika ikiwa imekazwa inaruka na haichagui mahali pa kugonga.

Wa Probox: Yangu ni ya nyuma, imeshika pia. Presi?
Jibu: Hapana, ya nyuma ni habu nzima na bolti nne, beringi iko ndani tayari. Legeza zote nne mizunguko mitatu minne bila kuzitoa, halafu gonga vichwa vya bolti kwa zamu kutoka nyuma, itasukumwa nje bila kuumiza eksili.

Dada Injinia: Nimebadilisha jana, taa ya ABS haizimi.
Jibu: Dada, kwanza angalia sensa imekaa vizuri na waya haujavutika. Kama iko sawa, kuna uwezekano beringi iligeuzwa. Beringi zenye sumaku zina upande mmoja unaovuta pini ndogo, huo ndio unaangalia ndani, kwenye sensa. Pole lakini itabidi nyingine mpya, juu ukiitoa na presi hiyo haifai kurudi. Ukinunua, enda na pini mfukoni, iguse pande zote mbili hapo dukani na upande wa sumaku uuwekee alama ya kalamu kabla ya kumpa mtu wa presi.